Karatasi Yenye Breki

Wanaonung'unikia kontrole tekiniki, ukaguzi wa magari wa kila mwaka, hapa Makobola hawana shukrani. Karatasi yake ni dawa kali: gari linakohoa, linapigiwa mhuri, linapona, na spana haijaguswa. Hata mganga wa kienyeji, pamoja na kuku wake, huomba kwanza amwone mgonjwa.

Tena tuna msaidizi. Barabara ya taifa nambari 5, kutoka Uvira kwenda Baraka, inakagua bila kudai faranga: shimo linapima springi, mto unapima injini. Yenyewe haiitwi kukaguliwa. Mkubwa haulizwi umri.

Dereva mwenzangu, kioo cha mbele kikipasuka, usihangaike. Bandika karatasi palepale. Upepo wa Ziwa Tanganyika unaheshimu mhuri.