Barua ya Wazi kwa Baraza la Kiingereza Ambalo Halijaundwa

Mwenyekiti Mtarajiwa,
Baraza la Kiingereza,
London.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: OMBI LA KUPATIWA MWENYE LUGHA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Wafaransa wana akademia ya lugha yao tangu 1635. Watanzania tuna BAKITA tangu 1967. Kiingereza, ambacho mtoto wetu akiingia kidato cha kwanza anasomeshwa kwacho hadi jiografia ya Rufiji, hakina hata karani. Mwaka 1712 Jonathan Swift alimwandikia Mweka Hazina Mkuu wa Uingereza akiomba kiundwe chombo cha kuinyoosha lugha hiyo. Tunaamini suala lake bado liko kwenye mchakato. Mchakato tunaujua.

Wakati mnalifanyia kazi, tuna maswali.

Kwanza, ile "s". Mvulana mmoja, "the boy runs". Wakiongezeka, "the boys run". Herufi ni moja, nomino na kitenzi wanaigombania. Akiichukua huyu, yule analala njaa. Kwetu kiti changu kizuri kimevunjika, viti vyangu vizuri vimevunjika: kila neno limepata fungu lake, na mtoto wa chekechea hakosei. Mtoto huyohuyo, mwenye ngeli zote kichwani, akisahau "s" moja anaambiwa hajui sarufi.

Halafu "police" haina "s" lakini ni wengi, na "news" inayo lakini ni moja. Timu ya mpira Uingereza huandikwa "the team are"; Marekani ni "the team is". Wachezaji 11 wakivuka Atlantiki wanageuka mtu mmoja!

Pili, vihusishi. Ndani ya gari dogo tunatakiwa kusema "in", ndani ya basi "on". Kwa daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni tunaielewa hiyo "on", maana wapo wanaoning'inia mlangoni. Lakini aliyepata siti naye? Mwisho wa wiki Mwingereza ni "at", Mmarekani ni "on", na hakuna anayekatwa maksi. Sisi tukiandika "discuss about", wino mwekundu unamwagika, ilhali "talk about" ni ruksa na "a discussion about" ni halali kabisa.

Kwa hiyo tunaomba moja kati ya mawili. Ama Baraza liundwe, tupate pa kukatia rufaa. Ama, kama Mwingereza na Mmarekani wataendelea kila mtu na chake bila wa kuwauliza, basi na "discuss about" yetu isajiliwe kwa jina la Kiingereza cha Afrika Mashariki. Gharama za usajili zisitusumbue tena: tulishalipa kwa viboko.

Wako katika ujenzi wa sentensi,

Mzazi wa mwanafunzi wa kidato cha pili