Panga Likae Wapi?

Kiuno cha mwanamume wa huku kwetu Bureti kina wapangaji wengi na hakuna hata mmoja anayelipa kodi. Kuna mkanda, kuna funguo, kuna simu ndani ya kimfuko chake cha ngozi bandia, na siku za kufyeka kuna panga. Ukiwa ardhini, wote hao huishi kwa amani. Vita huanza ukipanda mti.

Sikuwa nimelifikiria jambo hili mpaka Desemba, binamu yangu aliporudi nyumbani kutoka Marekani. Alikwenda huko kwa sababu ya mbio, kama vijana wengi wa Kericho na Bomet wanaopewa nafasi vyuoni kwa sababu ya miguu yao. Miguu ikachoka, yeye akabaki. Huko amejifunza kuwinda swala wao wenye pembe za matawi, na huwinda akiwa mtini. Simaanishi kwamba hukaa kwenye tawi. Hukaa hewani, ndani ya kitu wanachokiita tandiko: mkanda mpana wa nailoni unaoshika makalio, na kamba inayotoka mbele ya kiuno ikafungwa kwenye shina. Mwindaji huegemea nyuma na kungoja, miguu ikikanyaga ubao mdogo uliofungwa mtini, saa baada ya saa, kwenye baridi ambayo ng'ombe wa hapa angeikataa.

Sasa, alituambia, kinachowagombanisha wawindaji hao si swala. Ni bastola. Wengi wao hutaka kuwa na bastola hata kama wamebeba upinde, wengine kwa kuogopa dubu, wengine kwa mazoea tu, na sheria hutofautiana jimbo hadi jimbo. Lakini tandiko limekwisha kukamata kiuno chote. Ukiiweka bastola nyongani, mkanda wa tandiko unaikalia. Ukiisogeza mbele, inagombana na kamba. Ukiipeleka nyuma, huifikii. Kwa hiyo wako watu wazima, wenye kazi na wake, wanaobishana usiku kucha kuhusu kuibeba kifuani au kwapani.

Kogo, yaani nyanya yetu, alisikiliza hadi mwisho, akaweka kikombe chini.

"Na huyo swala," akauliza, "naye ana bastola?"

Zawadi niliyoletewa mimi ilikuwa tandiko lenyewe. Lilifika katika nchi ambamo halina kazi. Uwindaji wa wanyamapori ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 haikulegeza kitu. Bastola nayo huku haiulizwi bei dukani. Utapita kwanza kwa Bodi ya Leseni za Silaha na ueleze vizuri unaitakia nini. Kusema unataka kuona kama inakaa vizuri kifuani ukiwa mtini hakutakusaidia.

Lakini nilikuwa na mzinga. Mzinga wa gogo, uliochongwa ukatobolewa katikati, wa kutundikwa juu ya mringaringa ulio upande wa pili wa bonde letu. Wazee wa Kipsigis na majirani zao Waogiek wa Mau wamepanda miti kama hiyo tangu zamani, kwa kamba na nyayo tupu, na sijawahi kusikia mmoja wao akijadili starehe ya kiuno. Mimi nina tumbo. Nikaona tandiko limepata ajira.

Mti huo uko mbali na nyumba, ndivyo nyuki wanavyotaka, ila unaonekana wote kutoka kituo cha kununulia majani chai. Asiyekaa kwenye nchi ya chai hawezi kuelewa uzito wa maneno hayo. Mkulima mdogo akishachuma, hubeba majani hadi kituoni, karani hupima kwenye mizani, kisha watu huketi kungoja lori la kiwanda. Lori lina saa zake. Foleni nzima ikawa imeketi na vikapu, haina la kutazama isipokuwa ng'ambo ya bonde, na ng'ambo ya bonde nilikuwa mimi.

Panga nililihitaji kusafishia vitawi mahali pa kutundika mzinga. Nikalivaa kuliani, ndani ya ala yake. Nilipoegemea tu, tandiko likapanda, likasukuma ala, na mpini ukaniingia mbavuni. Nikashuka nikalihamishia kushoto. Huko likakutana na kamba ya kupandia, ile inayozunguka shina na kurudi kiunoni, na kila hatua niliyopiga kamba ilikuwa inachomoa panga kidogo. Nikalipeleka nyuma. Mtu anayelalia panga hujifunza kukaa wima.

Simu ikalia. Ilikuwa mfukoni, chini ya tandiko, mahali ambapo hata mwizi angekata tamaa. Ikalia, ikanyamaza, ikalia tena. Nilipofanikiwa kuichomoa, nikamkuta shemeji, anapiga kutoka foleni.

"Shemeji, usishtuke," akasema. "Panga lako linataka kuanguka."

Lilikuwa limekwisha kuanguka. Lilikuwa limesimama wima kwenye udongo, mpini juu, na kicheko kilivuka bonde kikanifikia vizuri sana. Kwenye baridi ya huku sauti husafiri.

Binamu hakukata tamaa. Kwao Marekani, alisema, suluhisho ni kifua. Tukaenda Litein kwa fundi wa viatu, akatushonea mikanda ya msalaba kutoka kwenye ngozi ya begi kuukuu la shule, akauliza mara nyingi kama tuna uhakika. Bastola ni kitu kifupi. Panga la kufyekea linakaribia urefu wa mkono. Lilipokaa kifuani, ncha ilifika kitovuni na mpini ukaja chini ya kidevu, hivyo nikapanda mti nikitazama mbinguni kwa lazima. Foleni ilidhani nimeokoka.

Aliyenihurumia ni mama mmoja aliyekuwa akitoka kuchuma. Alikuwa bado na aproni yake ya plastiki iliyofungwa kiunoni, ile inayozuia umande na vijiti vya michai visikurarue nguo, na kikapu mgongoni. Ukimtazama mchumaji mzuri utaona kwamba mikono yake haijui kama amebeba kitu. Vidole vinakata majani mawili na chipukizi, konzi ikijaa inarushwa juu ya bega bila kugeuka, na kilo zinaongezeka nyuma kimyakimya. Mzigo wote uko mabegani. Kiuno kimeachiwa aproni peke yake.

"Sisi tunabeba chai ya kiwanda kizima," akaniambia, "na wewe kisu kimoja kinakutoa jasho?"

Nikaazima kikapu. Panga ndani, kikapu mgongoni, mikono huru. Wazo lilikuwa zuri hadi kwenye tawi la kwanza. Michai hukatwa ili isizidi kiuno cha mtu, na hakuna mchai ulioshika kikapu cha mtu kwa nyuma. Mringaringa ulikishika. Nikawa nimening'inia kwa tandiko mbele na kwa kikapu nyuma, na karani wa kituo, ambaye kwa kawaida hasemi neno zaidi ya kilo zako, aliniuliza kwa sauti kubwa kama napenda kupimwa.

Mzee mmoja aliyekuwa akichunga ng'ombe bondeni ndiye aliyemaliza kesi. Alisimama chini ya mti, akatazama juu, akatema mate pembeni kwa adabu. "Kijana, kwa nini mpande pamoja? Panda wewe. Kisha livute kwa kamba."

Nilipomwambia binamu, akasema hata Marekani ndivyo wanavyofundishwa: kupanda mikono mitupu, halafu kuvuta silaha kwa kamba, ikiwa haina risasi. Hakuwahi kutuambia kwa sababu, alivyojitetea, jambo hilo hakuna anayelibishia.

Mzinga ukatundikwa, nyuki wakahamia wenyewe, na msimu ulipofika tukaenda kuvuna usiku, maana mchana nyuki wa Afrika hawana utani. Safari hii kiunoni palikuwa na tandiko tu. Mpwa wangu alibaki chini, kazi yake kufunga vitu kwenye kamba. Nikavuta kopo la moshi, likaja. Nikafukiza mlangoni hadi mngurumo ukapungua, kwa kuwa moshi huziba harufu ambayo nyuki huitoa kuitana vitani. Nikavuta ndoo. Nikapapasa ndani gizani nitafute kisu cha kukatia masega, mkono ukagusa kitu laini.

Ndizi. Mbivu kabisa, tayari imepasuka.

"Nilidhani utasikia njaa, mjomba," sauti ikatoka chini.

Ile harufu ya nyuki ya kuitana vitani ni kemikali ileile inayoipa ndizi harufu yake. Wafugaji huambiana wasile ndizi kabla ya kwenda mzingani. Mtoto hakuambiwa, na alikuwa na moyo mwema. Kama ni ndizi iliyowakasirisha au ni ndoo iliyogonga mzinga nilipostuka, nyuki hawakueleza. Najua tu kwamba tandiko halina njia ya kuondoka haraka. Unalegeza kamba, unashuka kidogo, unahamisha fundo, unalegeza tena, na wakati wote huo uso wako uko wazi kwa mashauriano. Binamu alikuwa akinielekeza kutoka chini kwa Kiingereza. Mara sauti yake ikaanza kutoka karibu na barabara, kisha ikatoka mbali zaidi, na nikatambua kwamba miguu ile haikuwa imechoka hata kidogo.

Asubuhi sikuweza kufungua jicho la kushoto. Kogo alinipaka kitu kichungu ambacho hataki kukitaja, akachukua kijiko, akaonja asali iliyopatikana. Akasema ni nzuri, ina moshi kidogo. Kisha akamgeukia binamu na kumuuliza kama Marekani, pamoja na matandiko yao yote, hawauzi kofia yenye wavu.