Umelalia Ada ya Chuo

Mpwa wangu alikuja Mpanda likizo kutoka Dar es Salaam, na kufikia siku ya tatu alikuwa ameumaliza mji. Stesheni ambako reli ya Kaliua inaishia ameiona. Soko ameliona. Viboko wa Katavi ameshawapiga picha mpaka simu ikajaa. Basi akaniuliza, amejilaza kwenye kochi kama kambare aliyekaukiwa na dimbwi: "Mjomba, hivi huku kwenu watu wakitaka kwenda bichi wanakwenda wapi?"

Kuna maswali ambayo mtu mzima anatakiwa ayakoholee tu yapite. Mimi nilijibu. Nilimwambia tuna Ziwa Tanganyika, refu zaidi ya kilometa 650, kina chake mita 1,470, kwa kina duniani linatanguliwa na Baikal la Urusi peke yake, na hiyo Coco Beach yao ukiitosa humo hutasikia hata mlio wa kutumbukia. Nikaongeza kwamba nitampeleka Karema, mji wa pwani wenye historia. Hilo neno "historia" ndilo lililoniponza, maana lilinilazimu kwenda kama kiongozi wa msafara badala ya kubaki nyumbani na kutoa nauli.

Kutoka Mpanda hadi Karema ni zaidi ya kilometa 100, na ilikuwa Oktoba, mvua bado, vumbi limekomaa. Mpwa alipanda gari amevaa kofia ya ukindu, miwani myeusi, bukta ya maua, na begani taulo jeupe lenye picha ya mnazi. Tulipofika, mnazi ulikuwa umeota kwenye jangwa. Konda alimtazama akishuka, akaniuliza kwa upole kama kijana ni mgonjwa.

Njiani nilikuwa nimemfariji kwa habari ya tembo. Mwaka 1879 Wabelgiji wa Mfalme Leopold wa Pili waliona wapagazi ni taabu, wakaleta tembo wanne wa India, wakawashusha karibu na Dar es Salaam ili wabebe mizigo mpaka Karema. Wengine walifia njiani, na hata aliyefika Karema hakuishi muda mrefu. "Kwa hiyo, Mjomba," mpwa akauliza akijifuta vumbi puani, "hii safari imeshaua tembo?"

Tuliteremka, nikampeleka kwanza kwenye historia. Nikasimama nje ya misheni, nikakohoa, nikanyoosha mkono. Hapa, nikasema, Wabelgiji walijenga ngome mwaka huohuo wa 1879, ziwa likiwa jirani kabisa.

"Ziwa liko wapi?"

Lilikuwa kule mbali, linameta, wala halitujali. Ikabidi nieleze. Ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, upande wa Kongo. Miaka ileile ambayo wenzetu wanapandisha kuta, mlango huo uliokuwa umeziba ulifunguka, maji yakaanza kushuka, nao wakabaki na ngome ya ufukweni isiyo na ufukwe. Mwaka 1885 wakawaachia Mapadri Weupe. Mimi nimejenga kibanda cha kuku mahali ambapo maji ya mvua hupita, kwa hiyo siwacheki sana.

Basi tukashuka ziwani. Na hapo niseme ukweli: ni pazuri. Maji maangavu unayaona mawe chini, ng'ambo milima ya Kongo imekaa kama moshi, na mchanga umejaa fedha. Nasema fedha kwa sababu ndivyo ulivyong'aa machoni pangu. Mpwa alishangilia, akatandaza mnazi wake, akajitupa. Nami, ili nisionekane mshamba mbele ya mtoto wa dada, nikavua viatu nikajilaza kando.

Chini yangu pakalia kwachukwachu, kama mtu aliyekalia mfuko wa bisi.

"Wewe baba! Baba wee! Umelalia ada ya chuo ya mwanangu!"

Mama mmoja mwenye kanga kiunoni alikuwa anatujia mbio, ufagio mkononi. Nilipoinuka nilikuwa na dagaa mgongoni, dagaa shingoni, na mmoja kwenye mfuko wa shati ambaye hakugunduliwa hadi Mpanda. Ufukwe mzima, kumbe, ulikuwa umeanikwa. Vipe, vile vyombo vya wavuvi wa dagaa, vilikuwa vimerudi alfajiri, na kila mama alikuwa na kipande chake cha mchanga anachokijua kama anavyolijua jiko lake. Sisi wawili ndio tuliokuwa tumekuja kulala.

"Shikamoo, mama," nilisema, kwa kuchelewa.

"Marahaba. Lipa."

Nilijaribu sheria. Nilimwambia ufukwe ni wa umma, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa ziachwe bila shughuli za kudumu. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo mke wangu hajawahi kulifanya, kisha akasema dagaa si wa kudumu, kesho wanakwenda sokoni. Nikanunua sado mbili za niliowavunja. Mpwa, kwa kuwa hakuwa na hela, alikabidhiwa ufagio awageuze waliosalia na kufukuza kunguru. Aliifanya kazi hiyo kwa saa nzima, na miwani yake myeusi, na nilimsikia mama akiwaambia wenzake kwamba yule wa mjini ana mkono mzuri.

Ilipofika zamu ya kuoga tuliwauliza watoto wapi pana usalama, kwa ajili ya mamba. Wakatujibu kwa huruma: ogeni wanapooga watu. Wanaume upande ule, wanawake upande huu. Upande wa wanaume tulimkuta mzee mmoja amesimama katika maji ya magoti, mtupu, povu la sabuni kichwani. Heshima ni heshima: "Shikamoo, mzee." Alifumba macho kwa sabuni, akanyoosha mkono kumtafuta msalimiaji, akampata mpwa wangu puani. "Marahaba, mwanangu. Mmekuja kufua?" Mpwa hakujibu. Alikuwa ameonja maji na kupigwa na butwaa. "Mjomba, hawajaweka chumvi!" Sentensi hiyo ilifika gulioni kabla yetu.

Mimi nilikanyaga kichwa kikavu cha gogogo, samaki ambaye hata akishakufa mwiba wake unaendelea na kazi. Nilipiga yowe. Mzee wa povu aliung'oa kwa meno ya koleo la wavuvi, akanisafisha kwa maji ya moto, akaniambia ninyamaze, nimepata bahati ya kuumia Karema. Hapa ndipo Adrian Atiman, aliyezaliwa Mali, akauzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na kusomea udaktari Malta, alipotibu watu kwa zaidi ya miaka 60 mpaka alipofariki mwaka 1956. Nilijisikia mgonjwa mwenye historia.

Jioni, tukisubiri usafiri, nilimuuliza yule mama kama mchanga huwa mtupu siku yoyote. Akacheka. Wavuvi huvuta dagaa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazifui dafu, vipe vinapumzika na mchanga nao unapumzika. Mimi nilikuwa nimechagua tarehe kwa kuangalia likizo ya mpwa, wakati kila mtu Karema anaangalia juu.

Mpwa amerudi Dar es Salaam na sado moja. Taulo ameniachia, limefuliwa mara nne na paka wa jirani bado hulala juu yake kambani. Kama nawe unafikiria kwenda, tazama mwezi kwanza. Ukiwa umejaa, nenda na taulo lako. La sivyo nenda na fedha ya dagaa, na uwasalimie akina mama kabla hujavua viatu.