Muda wa Kuritaya

Mwaka wa fedha wa serikali hufa tarehe 30 Juni saa sita usiku, na kila mwaka mimi hufa nao kidogo. Mimi ni mhasibu wa idara katika chuo kikuu kimoja cha umma. Jina la chuo naomba nilimeze, mshahara bado nauhitaji.

Idara yenyewe ni ya lugha. Hilo pekee lingetosha kuniongezea posho ya mazingira magumu. Ukimwandikia mhadhiri dokezo kwamba hati yake ya malipo haina viambatisho, dokezo hurudi siku hiyohiyo. Viambatisho bado havipo, ila "sio" yangu imekatwa kwa wino mwekundu na kuwa "si". Miaka yote hii risiti kamili nazipata kwa machozi, lakini upatanisho wangu wa kisarufi, mtaniambia.

Mwaka jana mwezi Mei, profesa wetu mmoja alirudi kutoka Ukerewe, alikokuwa akikusanya maneno ya Kikerewe. Alikuwa amechukua masurufu ya shilingi 2,850,000. Posho ya kujikimu ni yake, ale samaki au afunge, hatumuulizi. Lakini mafuta, karatasi na betri za kinasa sauti vinataka risiti ya EFD, ile ya mashine iliyoanza kutusumbua mwaka 2010. Nikampigia simu.

"Shikamoo Prof. Nakukumbusha tu, muda wako wa kuritaya umefika."

Kimya. Nikasikia kijiko kikiwekwa kwenye kisosi.

"Nani kasema?"

"Mfumo, Prof. Jina lako liko kwenye orodha."

"Lakini mwanangu, mimi nina mpaka mwakani."

"Hapana Prof, mwisho Juni 30. Ukipitisha hapo tunakukata mshahara."

Kabla ya chakula cha mchana alikuwa ameshafika ofisi ya utumishi na barua ya kurasa mbili, nakala ya cheti cha kuzaliwa imebanwa kwa pini. Mkuu wa idara akaniita nieleze kwa nini namstaafisha mtu kwa simu. Tangu siku hiyo nasema "kurejesha masurufu", kwa ukamilifu wake, hata nikiwa na haraka.

Risiti akazileta katika bahasha ya kaki. Zilikuwa 32, na safari nzima zilikaa juu ya dashibodi ya gari, zikiota jua la Kanda ya Ziwa. Maandishi yalikuwa yamefifia kiasi kwamba ungeweza kusoma "lita" lakini si lita ngapi. Nikaingiwa na huruma ya kihasibu. Nikasema, hizi zikikaa wiki moja zaidi zitakuwa karatasi za kufungia karanga. Dawa yake ni laminesheni.

Pale getini kuna kijana wa steshenari mwenye mashine.

"Zote, dada?"

"Zote, na fanya haraka."

Nikavuka barabara kununua maandazi. Hapa niseme jambo ambalo mhasibu wa miaka tisa alipaswa kulijua: karatasi ya risiti hizi haiandikwi kwa wino. Inaandikwa kwa joto. Inapopata moto kidogo inatoa herufi, na inapopata moto mwingi inatoa herufi kila mahali.

Niliporudi, kijana alikuwa amezipanga mezani kama karata. Kadi 31, nyeusi tii, zinang'aa.

"Zimeshika vizuri, dada," akasema. "Hazipitishi maji."

Moja tu ilipona, kwa kuwa kijana aliikataa: ilikuwa nene mno, halafu inanuka dagaa. Kipande cha boksi la sabuni. "Nimepokea 40,000 kumvusha mwalimu na vitabu vyake. Mtumbwi haukuzama." Chini yake dole gumba, na muhuri wa mtendaji wa kijiji. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshapanga kuikataa. Mwenye mtumbwi hana EFD, na hayumo kwenye NeST, mfumo ambamo ununuzi wa umma unapita tangu 2023. Nani atamfuata mvuvi kisiwani akamsajili kuwa mzabuni?

Mkaguzi wa ndani alikuja wiki iliyofuata. Ni mzee mpole, na mkaguzi mpole ni wa kuogopwa kuliko anayefoka. Akainua kadi ya kwanza kuielekeza dirishani.

"Binti yangu, hii ni nini?"

"Mafuta, mzee."

"Naona. Na hii?"

"Mafuta pia." Ukweli ni kwamba ingeweza kuwa betri.

Alizipitia zote 31 bila kuruka hata moja. Mwishoni akafikia boksi la sabuni. Akalisoma mara mbili, akalinusa, akachomoa kalamu yake ya kijani na kuweka alama ya vema. Zilizobaki akaziandikia hoja ya ukaguzi, nizijibu ndani ya siku saba.

Jibu linaanzia kwangu, linapita kwa mwenye masurufu ili atie saini. Niliandika kwa uangalifu: "Risiti 31 zimeharibika." Likarudi jioni bila saini. Wino mwekundu pembeni: "Kauli ya kutendeka huficha mtenda. Zilijiharibu zenyewe? Taja mtenda."

Nikaandika upya: "Risiti 31 zimeharibiwa na kijana wa steshenari."

Likarudi tena.