Utuandikie Unavyoumwa

Huku Marekani, kongosho lako likigoma kutengeneza insulini, wapo watu wa kukuchangia karo ya chuo. Si utani. Shirika la Beyond Type 1 lina ufadhili wa vijana wenye kisukari cha aina ya kwanza wanaotoka sekondari kwenda chuoni, na mwingine kama huo upo. Mpwa wangu ana sifa zote: alama nzuri na ugonjwa wenyewe.

Kinachonikera ni insha. Eti kisukari kimekufundisha nini? Kwani ni mwalimu? Mimi nimeumwa malaria utoto wangu wote Tanga, na hakuna aliyeniuliza nimejifunza nini kwa mbu.

Binti kaandika: “Kimenifundisha kutembea na juisi.”

“Mwanangu, ongeza machungu.”

“Mjomba, wanataka matumaini.”

“Basi anza na machungu, matumaini yaje mwishoni, kama sinema ya Kihindi.”

Mara simu yake ikalia: sukari inashuka. Akafungua kiboksi cha juisi, akanywa, akasubiri dakika 15, akapima tena, huku anaendelea kuandika. Hilo ndilo la kuandikwa, lakini yeye anaona ni jambo la kawaida kama kupiga chafya. Badala yake kamweka Sonia Sotomayor, jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani, aliyepata kisukari utotoni akaja kusoma Princeton. Nikamwambia mama wa watu lazima kachoka, kila mwombaji anamtaja yeye.

Shangazi zake nao wanapiga simu kutoka nyumbani: mwambieni aache chai ya sukari! Nimeeleza mpaka koo limekauka kwamba ni kinga ya mwili wake mwenyewe iliyoshambulia seli za insulini, chai haina kesi.

Insulini yenyewe nayo ina kisa: mwaka 1923 wagunduzi wake walikiuzia Chuo Kikuu cha Toronto hataza yao kwa dola 1 kila mmoja. Dola moja! Leo ukienda dukani na dola yako utarudi na pipi, ambayo nayo inataka insulini. Na huo ufadhili ukikoma siku ya kuvaa joho, insulini haina mahafali.

Sasa fomu moja inataka barua ya daktari kuthibitisha kwamba *bado* anaumwa. Daktari ana nafasi mwezi ujao. Mwisho wa maombi ni Ijumaa. Nimemshauri awatumie kongosho lenyewe, si halina kazi?

“Mjomba, bado linanisagia chakula.”