Afadhali Tungefungwa Tano

Timu ikifungwa tano bila, shabiki hulala. Huzima runinga dakika ya sitini, hula ugali wake, huwatukana wachezaji kwa jumla bila kubagua, na asubuhi hana la kueleza. Kinachomaliza watu ni kufungwa kwa unywele. Hapo kila mtu huamka na "lau" yake: lau refa asingeitwa kutazama video, lau kocha angemtoa yule mapema, lau mlingoti ungekuwa sentimita mbili kushoto. Nimewahi kumsikia mtu kwenye matatu ya Njoro akilaumu upepo.

Ijumaa ya tarehe 22 Agosti 2025, Harambee Stars walikutana na Madagascar uwanjani Kasarani, robo fainali ya CHAN, yale mashindano ya wachezaji wanaosakata soka katika ligi za nchi zao. Tulikuwa wenyeji pamoja na Tanzania na Uganda, na ndiyo mara yetu ya kwanza kushiriki. Vijana wa kocha Benni McCarthy walikuwa wamepita kundi lenye Morocco, Angola, Zambia na DR Congo bila kupoteza mechi. Rais naye alikuwa ameahidi kila mchezaji nyumba ya vyumba viwili wakivuka. Mimi ni mpangaji Section 58, hapa Nakuru, na landilodi wangu hunikumbusha kodi kabla mwezi haujaisha. Lakini jioni ile nilizishangilia nyumba za watu kana kwamba funguo ningekabidhiwa mimi.

Shida ya ploti yetu ni kwamba habari hazitufikii kwa wakati mmoja. Pale getini, Mama Chapo hupika chapati akisikiliza redio. Jirani wa ghorofa ya juu ana dishi. Sisi wa chini tulikuwa na simu ya kijana mmoja wa chuo, imeegemezwa kwenye mkebe wa majani chai, ikivuta mechi kwa intaneti. Redio ilikuwa inatangulia, dishi inafuata, simu inakuja karibu dakika nzima baadaye, ikihema.

Goli la Alphonce Omija mwanzoni mwa kipindi cha pili tulilipata mara tatu. Lilipigiwa ukelele getini, likatikisa dari, na sisi tukaanza kukumbatiana huku kwenye simu mpira ungali mbali na lango. Furaha ya kuletewa mapema haina hasara. Balaa ni upande wa pili. Baadaye getini pakanyamaza. Mama Chapo hanyamazi hata akiumwa na jino. Juu, mtu akaburuta kiti. Kwenye simu yetu Kenya walikuwa na mpira, wanapanda vizuri, mtangazaji anawasifu. Tukatazamana. Madagascar walikuwa wamepewa penalti na wamefunga, na nadhani sisi ndio tuliokuwa Wakenya wa mwisho kujua.

Ikawa 1-1, ikaenda muda wa ziada, ikabaki 1-1. Kabla ya mikwaju, kijana wa chuo akatoa kichwa dirishani.

"Mama, tafadhali, zima redio kidogo."

"Nizime? Na mimi nitajuaje, mwanangu?"

Mazungumzo yakafanyika, Mama Chapo akakubali kuvaa visikizio. Haikusaidia, kwa sababu mikono yake ndiyo iliyogeuka mtangazaji. Kenya ikifunga, chapati ilirushwa juu ikageuzwa kwa madaha. Kenya ikikosa, chapati iliachwa kwenye kikaangio. Tulijaribu kutomtazama. Ndipo ikaja harufu. Tuliondolewa CHAN kwa harufu ya chapati inayoungua, wakati kwenye simu mchezaji wetu alikuwa bado anatoka katikati ya uwanja kwenda kupiga, na binti wa jirani, aliyekuwa nyumbani likizo ya Agosti, amefumba macho anamwombea. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia mtoto kwamba ombi limechelewa. Tukasubiri naye hadi mwisho. 4-3.

Usiku huohuo Tanzania wakafungwa na Morocco 1-0 Dar es Salaam. Sisemi tulifurahi. Nasema tu kwamba chai, iliyokuwa imepoa mezani tangu jioni, ilipashwa moto na kunywewa. Jumamosi Uganda nao wakalala 1-0 mbele ya Senegal, na wenyeji wote watatu tukabaki na kazi ya kukaribisha wageni.

Jumamosi hiyo mimi nilikuwa na matanga yangu binafsi. Rangi za bendera nilizojipaka usoni kwa ajili ya mechi nilikuwa nimezinunua kwa kijana mmoja karibu na steji, aliyeapa kwamba zinatoka kwa maji. Nyeupe ilitoka. Nyeusi ilitoka nusu. Kijani na nyekundu ziligoma, hata niliposugua kwa sabuni ya kipande na jiwe la miguu. Nami asubuhi hiyo nilitakiwa Njoro, katika ujumbe wa kumposea binamu yangu.

Mjomba wa msichana alitusalimia mmoja mmoja, akanifikia mimi, akasita.

"Na huyu mwenye bendera? Mmekuja kuomba msichana au kuomba mechi ya marudiano?"

Msemaji wetu, mzee mwerevu, akaona mwanya. "Wazee wetu, jana tumeumia sote. Basi tuhurumianeni. Tupunguzieni mbuzi."

"Robo fainali ndiyo inawaliza?" mjomba akamjibu. "Mimi nilikuwa Kasarani mwaka 1987. Michezo ya Afrika. Fainali! Misri, moja bila. Moja! Hiyo mtaipunguza na mbuzi wangapi?"

Kumbe msemaji wetu naye alikuwa uwanjani siku hiyo. Mahari ikawekwa kando. Wazee wawili wakalijadili goli la miaka 38 iliyopita hadi wapishi wakaja kuuliza kama wapakue. Mjomba akatuambia kwamba parokiani kwao zamani palikuwa na padri wa Ireland, mtu wa kaunti ya Mayo, aliyekuwa akiwafariji mashabiki kwa kuwaeleza mpira wa kwao unaochezwa kwa mikono na miguu: enzi hizo ukipita juu ya mwamba ilikuwa pointi moja, ukiingia wavuni tatu. Kwao, alisema, walilaaniwa.

Laana hiyo inajulikana sana huko. Mayo walichukua ubingwa mwaka 1951, na hadithi inasema walipokuwa wakirudi na kombe walipita kwa shangwe kwenye mazishi bila kusimama, ndipo kasisi akatamka kwamba hawatashinda tena hadi wachezaji wote wa kikosi kile wafe. Mwaka 2016 walipoteza fainali kwa Dublin kwa pointi moja, baada ya mechi kurudiwa. Mwaka 2017, Dublin tena, pointi moja tena. Mchezaji wa mwisho wa kikosi cha 1951 alifariki Septemba 2021, wiki mbili tu baada ya Mayo kupoteza fainali nyingine. Laana imekwisha muda wake, lakini hadi msimu wa 2025 kombe halijarudi. Mtu wa Mayo akikuambia "lau", mpe kiti.

Mbuzi hawakupungua hata mmoja. Mjomba alisema huruma ya mpira na hesabu ya mahari ni vitabu viwili.

Madagascar walifika fainali, Kasarani palepale, tarehe 30 Agosti, wakafungwa na Morocco 3-2. Kwa hiyo msomaji wangu wa Nakuru, Gilgil au Molo, ukikutana na mtu anayekucheka kwa ile 4-3, usianze habari za refa wala upepo. Mwambie hivi: mabingwa Morocco walicheza mechi saba katika mashindano yale na wakapoteza moja tu. Ilichezwa Kasarani tarehe 10 Agosti, Kenya wakiwa watu kumi uwanjani, ikaisha 1-0.