Kamati ya Oili

Kuanzia Ruaha Mbuyuni mpaka Tunduma unaweza kukosa mtandao, unaweza kukosa hata pa kuchimba dawa, lakini mtaalamu wa oili humkosi. Egesha gari pembeni. Kabla hujamaliza kufungua boneti, watu watatu wameshafika na wa nne anavuka barabara akisema kwa sauti, "Hiyo ni oili!" Pengine bomba ndilo linalotupa kichwa. Bomba la TAZAMA, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, limepita Iringa na Mbeya tangu 1968, na mtu aliyeishi zaidi ya nusu karne jirani na mafuta lazima ajione mhandisi.

Shemeji yangu wa Mafinga alikutana na wahandisi hao aliponunua mashine ya kusaga matawi, mtumba wa Ulaya. Hesabu zake hazikuwa mbaya. Mafinga ni mji wa mbao. Pembeni yake kuna Sao Hill, shamba la miti la serikali lenye zaidi ya hekta 135,000, kubwa kuliko yote nchini. Kila anayevuna paini huacha nyuma marundo ya matawi, na wengi huyatia moto. Yeye angeyasaga, kisha vipande awauzie wenye parachichi, wavitandaze shinani kutunza unyevu.

Mashine yenyewe ina injini ya dizeli inayozungusha ngoma yenye visu. Lakini matawi hayajipeleki kwenye visu. Yanavutwa na rola mbili zenye meno, na rola hizo huzungushwa na mota ya haidroliki: pampu inasukuma oili, oili inasukuma mota, mota inavuta tawi. Hapo oili haiji kulainisha vyuma tu, ndiyo kibarua mwenyewe. Bahati mbaya mpira mmoja ulipasuka njiani, na mashine ikafika na tangi kavu.

Mpira ukabadilishwa. Swali likawa ni oili gani itiwe. Lingeulizwa mashine, mambo yangeisha siku hiyo hiyo. Likaulizwa barabarani.

"Kamwene," alisalimia mzee mmoja, dereva mstaafu wa malori ya Zambia. Akachovya kidole kwenye tone lililobaki ndani ya tangi, akalisugua kwa kidole gumba, akanusa, akafumba macho. "Mwanangu, hii ni arobaini. Weka arobaini."

"Babu, arobaini ni ya injini," alidakia kijana wa msumeno. "Haidroliki ni arobaini na sita. Ni nzito zaidi, na baridi ya huku inataka kitu kizito."

"Kama uzito ndiyo dawa," akasema wa tatu, ambaye mpaka leo hatujui alitokea wapi, "si mtie tisini ya giaboksi mmalize?"

Hoja ikapita bila kupingwa. Tisini ni kubwa kuliko arobaini na sita, jambo ambalo hata mtoto wa darasa la kwanza hawezi kubisha, na dumu la tisini lilikuwepo gereji ya jirani. Likamiminwa lote.

Namba hizo sasa. Arobaini ya injini na tisini ya giaboksi ni namba za SAE, chama cha wahandisi wa magari kilichoanzishwa Marekani mwaka 1905, na uzito wake hupimwa oili ikiwa na joto la nyuzi 100. Arobaini na sita ya haidroliki ni namba ya ISO, na hupimwa kwenye nyuzi 40. Kuzilinganisha ni kama kusema mtu wa kilo 46 ni mkubwa kuliko mtu wa futi 5. Ukizipima pamoja kwenye nyuzi 40, arobaini ya injini ina uzito mara tatu hivi wa arobaini na sita ya haidroliki. Na tisini ya giaboksi, pamoja na ukubwa wa jina, inakaribiana tu na arobaini au hamsini ya injini. Kwa hiyo kamati ilikuwa imechagua kwa kauli moja, na kwa hoja za kitaalamu, uji mzito.

Asubuhi ya Julai Mafinga, hata jogoo huwika akiwa bandani. Injini ikawaka vizuri, kisha pampu ikapiga yowe lililowatoa watu kwenye chai. Oili nzito iliyopoa haifiki kwenye pampu kwa kasi inayotakiwa, viputo vinajitengeneza ndani na kupasuka, na kila kinapopasuka kinadonoa chuma. Rola zilizunguka mwendo wa msiba. "Inajipasha," alisema mzee wa Zambia. Saa saba mchana, jua limetoka, rola zikachangamka, na kila mjumbe akaeleza namna alivyokuwa amesema.

Kesho yake yowe lilirudi. Kamati ikaamua oili izimuliwe. Mtu akaleta oili nyekundu ya giaboksi za otomatiki, na mwingine akaongeza alichobakiza kwenye chupa ya maji ya kunywa. Asubuhi ikawa nafuu. Mchana, joto lilipopanda, mchanganyiko ukawa mwepesi mno: badala ya kusukuma, oili ikawa inapenya na kurudi ilikotoka. Rola zikadaka gogo la paini, zikalitafuna kidogo, zikasimama zimeling'ang'ania.

Hapo ndipo tulipoangalia mfuniko wa tangi. Haukuwepo. Ulipotea safarini, na mahali pake palikuwa na gunzi la mahindi, limekazwa kwa kitambaa cha kanga. Mvua ilikuwa imepita hapo bila kubisha hodi. Oili ilipauka, imejaa povu. Oili halisi ya haidroliki hutengenezwa iachane na maji, yatuame chini uyatoe, ilhali oili nyingi za injini huyakumbatia. Mchanganyiko wetu uliyakumbatia maji, ukakumbatia na punje za gunzi.

Mimi naishi Mbeya, kwa hiyo nikaagizwa sokoni Mwanjelwa.

"Nataka oili ya haidroliki, kaka."

"Rangi gani?"

"Namba gani, labda?"

"Namba zipo zote, bosi. Wewe sema rangi." Akanivutia dumu la lita 20 lenye picha ya alizeti. "Hii ni orijino kabisa. Dumu tu ndilo si lake."

Nikampigia shemeji nikamwomba aitazame mashine kila upande. Akachukua kisu, akakwangua tope na utomvu ubavuni mwa tangi, na chini yake kukatokea kibati kidogo cha alumini: ISO VG 46. Kijana wa msumeno alikuwa sahihi tangu siku ya kwanza, kwa sababu isiyo sahihi hata kidogo, na tangu hapo hakaliki naye. Watengenezaji wengi huruhusu 32 penye baridi kali na 68 penye joto, kwa hiyo mashine hiyo hiyo ikihamia Kyela inaweza kutaka nyingine. Ipo hata mitambo ambayo kitabu chake kinakubali oili nyepesi ya injini. Lakini hiyo huandikwa kitabuni, hainuswi kidoleni.

Nikanunua iliyofungwa na lakiri yake, duka la pili. Tangi likaoshwa, chujio likabadilishwa, gunzi likastaafishwa. Ule mchanganyiko haukupotea: kamati iligawana kwa madumu, wakapaka nguzo za mabanda kuzuia mchwa, na mzee wa Zambia akasema hakuna oili bora ya mchwa kama arobaini.

Leo mashine inasaga, na shemeji amekuwa mtu wa kupigiwa simu. Juzi jirani yake wa Nyololo alimpigia kuwa ana mashine inamsumbua, hajui aitie oili gani. Shemeji hakumwacha amalize. "Tia arobaini na sita, ndugu yangu, usisikilize watu."

Ilikuwa mashine ya kunyolea nywele.